Kabla hujamuua huyo mdudu bustanini, mjue kwanza

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilipoanza kuhangaika na bustani nilikuta kwenye kunde zangu vidude vya kijivu kilichokolea, vina madoa ya rangi ya chungwa mgongoni, mwili mrefu una vijimiiba na miguu sita yote iko huku mbele, yaani ukimsogelea ni kama mamba aliyefinywafinywa akawa saizi ya punje ya mchele. Nikajisemea haya, mchawi wangu nimempata, maana mashina yalikuwa yamejaa vidukari (wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) na majani yamejikunja na hawa mamba walikuwa palepale katikati yao. Nikawaokota mmoja mmoja nikawaponda, siku mbili nzima, tena naona raha. Wiki iliyofuata vidukari wamefunika mashina mpaka ukijani hauonekani. Kumbe wale mamba ni watoto wa kibibi, yule mdudu wa mviringo mgongo mwekundu wenye madoa meusi ambaye watoto wanapenda kumchora, na walikuwa katikati ya vidukari kwa sababu ile ndo sahani yao. Mdudu mzuri hivyo akiwa mkubwa, akiwa mtoto hata mama yake sidhani kama anamtambua.

Kwa hiyo huu mwongozo sio wa kuua, sehemu ya kuua ipo huko chini na ni fupi. Huu ni wa namna ya kujua nani anaishi bustanini kwako, anakula nini, na ufanye nini ili wale wanaokusaidia wasihame. Iwe una eneo kubwa au makopo matano tu kibarazani, njia ni ileile.

WIKI MOJA YA KUTAZAMA TU

Chagua mimea mitatu au minne, sio bustani nzima maana siku ya pili utachoka uache. Siku saba usiue kitu, usipulizie kitu. Najua inauma ukiona jani limetobolewa leo na kesho limetobolewa zaidi, ila mmea uliokomaa na wenye afya unaweza kupoteza sehemu ya majani yake ukaendelea na maisha kama hakuna kilichotokea. Kinachokufa haraka ni miche michanga, hiyo ndo ya kuilinda mapema, nitaifikia.

Nenda nyakati tatu tofauti. Asubuhi mapema kabla jua halijapamba moto wadudu wengi bado wamepoa na hawana mbio, unaweza kumsogelea mtu usoni kabisa, na umande unaonyesha nyuzi za buibui ambazo mchana huzioni. Mchana wa jua kali ndo zamu ya nyuki, vipepeo na nzi wa maua. Alafu usiku, na hapa ndo watu wengi wanakosa uhondo, chukua tochi utoke saa mbili tatu usiku utazame majani yaleyale uliyoyatazama mchana. Utashangaa, ni kama umeingia bustani ya mtu mwingine: konokono, nondo, tandu, viwavi waliojificha kutwa nzima, na chura amekaa kimya anasubiri riziki. Ukifunga kipande cha plastiki nyekundu kwenye tochi ni bora zaidi, wadudu wengi hawauoni vizuri mwanga mwekundu kwa hiyo hawakimbii.

Geuza majani. Nasisitiza hili kwa sababu mtu anakagua bustani kwa kutembea amesimama wima alafu anasema hajaona kitu, sasa utaona nini wakati mayai, vidukari, utitiri na nzi weupe wote wako upande wa chini? Inama, shika jani, geuza. Piga picha kwa simu alafu uikuze, kamera ya simu saivi inaona kuliko jicho la wengi wetu. Picha zina tarehe zake humohumo, kwa hiyo baada ya wiki unaweza kufuatilia yale mayai ya Jumatatu yamekuwa nini Ijumaa.

Kuna vijanja viwili vya kuongezea. Cha kwanza ni karatasi nyeupe: iweke chini ya tawi, gonga tawi mara mbili tatu kwa kidole, alafu tazama karatasi. Vinukta vinavyotembea ndo wakazi wako. Ukiona vinukta vidogo mno vinajikokota, chukua kidole upitishe juu yake, kikiacha mstari mwekundu au wa kahawia huenda ni utitiri. Cha pili ni kikombe: chimba shimo, zika kikombe cha plastiki mpaka mdomo wake ulingane na udongo, funika na kijiwe kilichoegeshwa juu ya vikokoto ili mvua isiingie ila mdudu apite. Asubuhi utakuta waliokuwa wanatembea usiku wametumbukia humo. Usiweke maji ndani na usikisahau, watazame uwaachie, maana ukiwachelewesha wanakulana, unakuja kukuta mmoja tu, kashiba.

KULISOMA JANI

Mara nyingi mhalifu humkuti, unakuta kazi yake. Kwa bahati nzuri kila mdomo unaacha alama yake na ukishazoea unasoma jani kama unavyosoma meseji.

Matundu na kingo zilizomegwa maana yake ni mdomo wa kutafuna, yaani kiwavi, panzi, mbawakawa au konokono. Kuwatofautisha tafuta ushahidi wa pembeni: konokono anaacha njia ya ute unaong'aa ukikauka, kiwavi anaacha vinyesi kama vipunje vyeusi au vya kijani kwenye jani la chini yake (fuata hivyo vinyesi uende juu, utamkuta). Matundu madogomadogo mengi kama jani limepigwa risasi za kichezeo, hao ni mbawakawa wadogo wanaoruka kama viroboto ukiwagusa. Jani lililokatwa kipande cha duara safi kabisa pembeni, kama mtu katumia mkasi, huyo ni nyuki na nitamtetea hapo mbele.

Jani lililojikunja, linanata, limepauka au lina vinukta vya njano, huo ni mdomo wa kufyonza. Vidukari, nzi weupe, vile vidude vyeupe kama vipamba kwenye maungio ya matawi, na utitiri. Utitiri ukizidi unaona utando mwembamba kuliko wa buibui umefunga ncha za majani. Hawa wana miguu minane, ni ndugu wa buibui sio wadudu hasa, na wanapenda joto na ukavu, ndo maana wanashambulia wakati wa kiangazi na mimea iliyo na kiu. Michirizi ya rangi ya fedha yenye vinukta vyeusi ni vithripi, vidudu vyembamba vidogo mno. Mstari mweupe uliojipindapinda ndani ya jani kama mtu kachora akiwa kwenye gari bovu, hiyo ni njia ya buu dogo la nzi linaloishi katikati ya ngozi mbili za jani. Tazama mstari unaanza mwembamba na unanenepa kadiri buu linavyokua, kwa hiyo mwenyewe yuko kwenye ncha nene. Mbonyeze hapo kwa kucha, kwisha.

Na ukiamka ukakuta mche umelala chini umekatwa pale unapotokea ardhini, usihangaike kutafuta juu. Fukua udongo taratibu kuuzunguka, sentimita chache tu, utamkuta sota, yule kiwavi wa ardhini, kajikunja kama herufi C amelala usingizi baada ya kazi. Huyu simtetei.

VIDUKARI NA UKOO WAO WOTE

Nikae hapa kidogo maana ukiwaelewa vidukari umeelewa nusu ya siasa za bustani.

Kidukari jike kwa sehemu kubwa ya mwaka hahitaji dume wala hatagi mayai, anazaa watoto hai, majike matupu, na hao watoto wanazaliwa tayari wana vitoto vinavyokua ndani yao. Yaani bibi, mama na mjukuu ndani ya mwili mmoja. Kukiwa na joto la kutosha aliyezaliwa leo anaanza kuzaa ndani ya wiki moja hivi. Pakijaa sana wanazaliwa wenye mabawa, wanaruka kwenda kuanzisha kambi kwingine. Kwa hiyo ukiona asubuhi wako kumi na Jumapili wako mia mbili, sio kwamba wametumwa na mtu.

Wanafyonza utomvu wa mmea, na utomvu una sukari nyingi kuliko wanayohitaji, ile ya ziada wanaitoa nyuma kama matone matamu. Ndo ule mnato unaougusa kwenye majani, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Hayo matone sisimizi wanayapenda kufa. Wanawapapasa vidukari kwa papasi zao ili watoe tone, wanawalinda, wanawafukuza kibibi na maadui wengine, na wapo sisimizi wanaowabeba vidukari kabisa kuwahamishia mmea mwingine wenye malisho. Ni wafugaji hawa, mifugo yao ndo inakula mboga zako. Kwa hiyo ukiona foleni ya sisimizi inapanda shina usihangaike nao kwanza, ifuate foleni mpaka juu, itakupeleka penye vidukari. Alafu ukikata hiyo foleni umewaacha vidukari bila walinzi: kwenye mti mdogo zungushia shina ukanda wa karatasi ngumu uliopakwa grisi au kitu kinachonata (paka kwenye karatasi, sio kwenye ganda la mti), na hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta au jani la jirani maana hao jamaa hawakosi daraja.

Sasa wanaowala. Kibibi nimeshamtaja, mayai yake ni ya njano, yamesimama wima yamekaa kikundi chini ya jani. Mabuu yake ndo wale mamba. Wa pili ni nzi wa maua, ana mistari ya njano na nyeusi ukadhani nyuki au nyigu, ila tazama ana mabawa mawili tu wakati nyuki ana manne, na anaweza kuganda hewani sehemu moja kama helikopta alafu akachomoka. Hana mwiba. Mkubwa anakunywa nekta, ila buu lake, ambalo ni kama kifuko chembamba kisicho na miguu wala kichwa cha kueleweka, linajiburuta katikati ya vidukari linawanyonya mmoja baada ya mwingine linawatupa maganda. Wa tatu ni yule mdudu mwembamba wa kijani mwenye mabawa kama wavu na macho yanayong'aa, mayai yake yananing'inia kila moja kwenye kijiti chembamba kama unywele, ukiyaona utadhani ni ukungu. Usiyafute.

Wa nne ndo nampenda kuliko wote, ni vinyigu vidogo ambavyo hata ukiviona hutajua ni nyigu. Jike anamchoma kidukari anaweka yai ndani yake, buu linakua likimla kwa ndani, kidukari anavimba anakuwa wa rangi ya kahawia au dhahabu, mkavu kama karatasi, hatembei tena. Ukimtazama baadaye ana kitundu cha duara mgongoni, kinyigu kimeshatoka. Ukiona hivyo vifuko vya kahawia katikati ya vidukari wa kijani, weka dawa chini. Hapo kazi imeshaanza na we ukipulizia unaua fundi, sio ugonjwa.

Shida ni kwamba wasaidizi wote hawa huja wakiwa wamechelewa. Lazima vidukari wawepo kwanza ndo wao wapate sababu ya kutaga pale. Kuna siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, ambazo vidukari wanapanda na hakuna anayeonekana kuwala, na hicho ndo kipindi watu wanakosa uvumilivu wanapuliza, wasaidizi waliokuwa ndo wanawasili wanakufa, vidukari wachache waliobaki wanazaa upya bila adui na mwezi unaofuata hali ni mbaya kuliko mwanzo. Wakati unasubiri, chukua maji ya mpira wenye presha kidogo uwaangushe, wengi wakidondoka hawarudi. Na punguza mbolea yenye naitrojeni nyingi, ile inayofanya majani yawe laini na kijani cha kupitiliza, ni kama umewapikia.

Angalizo moja kuhusu kibibi: sio wote wazuri. Wapo wanaokula majani, hasa ya jamii ya maboga na jamii ya nyanya na viazi. Hawa mgongo wao haung'ai, una vinyweleo vifupi kama mahameli, madoa ni mengi, na mabuu yao ni ya njano yamejaa miiba yenye matawi. Kibibi anayeng'aa mwache, wa mahameli aliye juu ya jani lililokwanguliwa ukabaki wavu, huyo mwondoe.

WANAOSINGIZIWA

Jongoo kwanza. Kila akikutwa kwenye tunda lililooza au kando ya mche uliokufa anahukumiwa yeye, wakati mara nyingi amekuja baada ya msiba. Chakula chake ni majani makavu na vitu vilivyooza, anavivunjavunja vinageuka mboji. Ni mara chache, ukavu ukizidi, ndo anagusa miche laini. Watu humchanganya na tandu, sasa tofauti ni hii: jongoo ana jozi mbili za miguu karibu kwenye kila pingili, mwili wa mviringo, polepole, ukimgusa anajiviringisha. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, bapa, ana mbio, na ni mwindaji, miguu yake ya mbele kabisa imegeuka kuwa makucha ya sumu kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu. Wote wawili ni wa faida. Jongoo hang'ati ila anatoa majimaji yanayotia madoa kwenye ngozi na yanawasha macho vibaya, ukimshika nawa mikono. Na kwa wanaopenda kuhesabu, mwaka 2021 wanasayansi walimtangaza jongoo wa chini sana ardhini huko Australia mwenye miguu 1,306. Viatu asinunuliwe.

Nyigu. Naelewa woga, ila nyigu analisha watoto wake nyama na nyama yenyewe mara nyingi ni viwavi vyako. Yule anayejenga kijumba cha tope ukutani, ukikuta kijumba cha zamani kilichoachwa kivunje utazame ndani, kuna wanaojaza viwavi na kuna wanaojaza buibui, wamechomwa sindano ya ganzi wakawekwa akiba. Kama kiota hakipo mlangoni wala njia ya watoto, kiache.

Nyuki mkata majani ndo yule wa vipande vya duara. Hali hilo jani, anaenda kufungia vyumba vya watoto wake kama mtu anavyosokota bahasha. Mmea haufi. Dunia ina aina zaidi ya 20,000 za nyuki na wengi wao hawana mzinga, hawana malkia wala asali, kila jike anajitegemea kwenye kitundu chake ardhini au kwenye kijiti chenye uwazi. Wapole sana kwa sababu hawana mzinga wa kulinda.

Buibui hata sijui nianzie wapi kumtetea, labda niseme tu ukitembea asubuhi na fimbo unafagia nyuzi zote ili bustani ionekane safi, umefungua geti. Vunjajungu naye mwache, jina lake lenyewe linatosha kukutisha usimguse, ingawa ukweli usemwe yeye hana upendeleo, anakula kiwavi na anakula nyuki pia, akimpata kibibi hamwachi.

Nyungunyungu nao wana uongo wao: ukimkata katikati hawawi wawili. Upande wa kichwa unaweza kupona kama umekatwa sehemu nzuri, wa mkia unakufa. Basi unapolima tumia uma wa bustani badala ya jembe kali ukiweza. Ukitaka kujua udongo wako uko vipi, chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina hicho hicho, wakati udongo una unyevu, weka udongo kwenye turubai uwahesabu. Wakifika kumi na kuendelea uko vizuri, wakiwa wawili watatu udongo una njaa. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, alikaa miaka mingi na hawa viumbe, aliwaweka kwenye vyungu ndani ya nyumba, wakapigiwa piano na mwanae akawapulizia zumari kubwa aone kama wanasikia. Sauti hawakuijali, ila chungu kilipowekwa juu ya piano yenyewe mtikisiko ukawakimbiza mashimoni.

KUWAFANYA WABAKI

Maua, ila sio maua yoyote. Yale makubwa yaliyojikunja petali juu ya petali ni mazuri kwa macho yetu, mdudu haoni mlango. Nzi wa maua na vinyigu wana midomo mifupi, wanataka maua madogo yaliyo wazi. Kwa hiyo acha giligilani mbili tatu, shubiti, mrehani na hata figili moja zipande juu zichanue, usizing'oe zikishaanza kutoa maua ukidhani zimeharibika. Alizeti ni nzuri, kunde na maharage nayo. Panga kwa kupishana ili kila mwezi kuwe na kitu kimechanua, na changanya na mimea ya asili ya eneo lako maana wadudu wa pale wanaijua tangu zamani. Kunde zina faida nyingine ya chini: ng'oa mmoja utazame mizizi, kuna vinundu vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Pasua kinundu kwa kucha, kikiwa na rangi ya waridi ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au cha kijani bado au kimechoka.

Ukitaka vipepeo lazima ukubali viwavi, hakuna njia ya mkato. Mama kipepeo anaonja jani kwa miguu, akitua tu anajua kama ni lile ambalo watoto wake wanaweza kula, na aina nyingi hawali kitu kingine zaidi ya mimea ya ukoo mmoja. Mi nina kona moja nimewaachia, yale magugu yanayoliwa sana siyang'oi.

Maji: sahani isiyo na kina, ijaze kokoto, maji yasizidi kimo cha kokoto ili nyuki apate pa kusimama asizame. Badilisha kila siku mbili tatu, kwa sababu mbu anahitaji wiki moja hivi kutoka yai mpaka kuruka na we hutaki kufuga hao. Kama una kidimbwi kikubwa, kereng'ende atakuja mwenyewe, mabuu yake yanaishi majini na yanakula mabuu ya mbu.

Mengine ya haraka. Tandaza nyasi kavu au majani juu ya udongo ila usiyagandamize kwenye shina. Acha rundo la vijiti na mawe kwenye kona, mijusi na vyura watahamia. Acha kipande cha ardhi wazi chenye jua kwa ajili ya wale nyuki wachimbaji. Zima taa za nje usiku kama hazina kazi, nondo wanazunguka taa mpaka wanachoka wakati walitakiwa kuchavusha.

INAPOBIDI KUUA

Miche michanga izungushie kola ya karatasi ngumu, kimo cha kidole, nusu izame ardhini, sota hapiti. Konokono wawekee ubao au kipande cha gunia chenye unyevu juu ya udongo jioni, asubuhi ugeuze uwaokote wote wamejikusanya chini. Majivu yanasaidia yakiwa makavu tu, ikinyesha mvua umerudi mwanzo. Viwavi wa kawaida okota kwa mkono, wenye manyoya vaa glavu, kuna wanaowasha mpaka ukalia.

Vidukari waliozidi kabisa, sabuni: vijiko viwili vya chai vya sabuni halisi ya maji kwenye lita moja ya maji, sio ile ya unga ya kufulia maana inaunguza majani. Jaribu kwenye jani moja usubiri siku moja. Pulizia jioni, upande wa chini wa majani, imguse mdudu mwenyewe, kwa sababu ikishakauka haina nguvu tena. Na sabuni haichagui, ikimgusa buu la kibibi inaua vilevile, kwa hiyo piga pale penye tatizo tu. Mwarobaini unafanya kazi kwa njia nyingine, unamkatia mdudu hamu ya kula na kumvuruga asiweze kujivua ngozi, hivyo usitegemee ataanguka palepale, mpe siku kadhaa. Maua yaliyochanua usiyapulizie kitu chochote, hata cha asili.

USIPOMTAMBUA, MLEE

Hii ndo njia iliyonifundisha kuliko zote. Ukikuta kiwavi humjui, mchukue pamoja na tawi la mmea uleule uliomkuta, maana ukimpa jani lingine huenda akafa njaa huku chakula kiko mbele yake. Muweke kwenye mtungi mkubwa wa kioo, chini weka karatasi, mdomo ufunge na kitambaa chepesi na mpira. Kila siku badilisha jani, toa vinyesi, usiweke juani. Weka kijiti kimesimama kwa ulalo ndani. Siku akiacha kula na kuanza kuzungukazunguka kama amepoteza kitu, anatafuta pa kujigeuza kuwa pupa, wengine watataka udongo wa kuzama kwa hiyo muongezee sentimita tano za udongo wenye unyevu. Baada ya hapo usimguse. Kwa wengi ni wiki moja mpaka mbili, wapo wa miezi.

Akitoka kipepeo atakuwa na mabawa yaliyokunjamana kama nguo iliyotoka kufuliwa, anahitaji pa kuning'inia saa moja au mbili mpaka yanyooke yakauke, usimsaidie kuyanyoosha. Mara nyingine humpati kipepeo. Siku moja niliamka nikakuta kiwavi wangu amezungukwa na vifuko vyeupe kama punje za mchele zaidi ya ishirini, yeye mwenyewe yu hai lakini hali tena. Nilisikitika kidogo, alafu siku kama sita baadaye mtungi ukajaa vinyigu vyeusi vidogo vinatembea kwenye kioo. Nikaubeba mpaka katikati ya kabichi nikafungua kitambaa.